Kibali cha Watu Wanne

Zilibaki dakika tano ofisi ya taarifa za wageni, kwenye geti la msitu, ifungwe, na msajili alikuwa na haraka zake. Ramani za msitu alishazikunja, viti alishavipandisha mezani. Ndipo mdogo wake, mwongozaji wa wageni, akagonga dirisha.

"Dada, tuandikie kibali, mimi na wageni wangu. Kambi ya kwanza tu, nusu saa tumefika."

"Wewe hata mazishini kwako utachelewa."

Akacheka, na dada akacheka naye.

Kanuni ya pale ilikuwa moja: kila anayeingia msituni asogee dirishani, ataje jina lake kwa mdomo wake, ndipo aandikwe. Asiyejitaja haandikwi. Msajili wa zamani alimwachia kanuni hiyo bila kumweleza sababu, naye siku zote aliiona ni kupotezeana muda. Leo alichungulia tu kiooni, akahesabu vichwa. Wanne. Akaandika wanne daftarini na kwenye kibali, akagonga muhuri.

Jua lilikuwa linazama, naye bado anafunga ofisi, redio ya mawasiliano ilipokoroma.

"Dada…" Mdogo wake alinong'ona. "Umeandika wangapi?"

"Wanne."

"Tuko watatu. Mimi, mgeni na mkewe."

Moto ulisikika ukitatarika.

"Kuna mtu amekuja kukaa nasi motoni. Ananuka damu, ana panga… Anasema yumo kwenye kibali."

Mwanamke akapiga yowe. Kitu kikavunjika, kama ukuni unaovunjwa gotini, na mwanamume akalia kama mtoto.

"Mkono wangu! Mkono!"

"Futa, dada! Mfute!"

Alifungua daftari. Kijana yule alimlea mwenyewe, akimbeba mgongoni tangu ananyonya, na hakuna aliyempenda kama yeye. Akaikata nne, akaandika tatu.

Redioni panga likashuka. Likashuka tena. La tatu likagota kwenye mfupa.

Kisha redio ikakatika.

Walitoka msituni kabla giza halijakolea. Mbele mwanamke, damu mpaka nyweleni. Mumewe akafuata, mkono umeshikiliwa na ngozi tu. Nyuma yao alikuja mtu mrefu, amevaa koti la mdogo wake, nalo lilikuwa bado linachuruzika.

"Tumetoka watatu," alinong'ona dirishani. "Hesabu."

Alikuwa amekata mmoja, lakini hakusema nani.

Yule mtu akapita getini taratibu, akashika njia ya mjini.

Redio ikakoroma tena.

"Dada…" Ilikuwa sauti ya mdogo wake hasa, ile ya kumbembeleza anapotaka kitu. "Niandike tena. Huku kuna baridi."

Alijua fika kwamba maiti haisemi. Alijua pia kwamba chochote atakachokiandika kitatoka, na kitakuja moja kwa moja kwake.

Akaichukua kalamu.