Alisema Kupe Wangu Wameharibika

— Fungua friza.

— Salimia kwanza, mchumba.

— Nimesema fungua friza!

Daktari alicheka kidogo, akaendelea kuvua glavu. Maabara yake ilishirikiana na nyingine mbili kutafuta kipimo cha kugundua mapema ugonjwa wa Lyme, ule unaoenezwa na kupe na kuvimbisha viungo. Mchumba wake ndiye aliyeingia vichakani kuwakusanya kupe hao, akiburuta shuka jeupe juu ya nyasi. Wenzake walimbatiza Mama Kupe.

Asubuhi hiyo Profesa, mama mtu mzima aliyeongoza maabara ya pili, alikuwa amempigia simu.

— Pole, mwanangu. Nasikia kupe wako mia mbili wameharibika. Eti uliacha friza wazi.

— Mimi? Nani kasema?

— Mchumba wako katuandikia sote.

Sasa Mama Kupe alimsukuma Daktari kando, akafungua friza mwenyewe. Vichupa vya kupe vilikuwepo vyote, vimeganda barabara, kila kimoja na mwandiko wake.

— Hawa ndio walioharibika?

— Punguza sauti. Majibu ya kipimo ni mazuri mno. Tukiwapa wenzetu, sifa itagawanywa mafungu matatu. Nilitaka tutangaze kwanza, kwa jina letu.

— Letu? Hebu nione.

Aliivuta kompyuta. Juu ya ripoti palikuwa na jina moja tu, la Daktari.

— Ningekuongeza baadaye.

— Kama chumvi?

— Usinivunjie heshima! Nani alikufundisha kushika darubini?

— Na nani aliyetafunwa na wadudu ili wewe uitwe msomi? Mdogo wangu magoti yamevimba, hawezi hata kupanda ngazi. Miezi minane anaambiwa ni uchovu tu, kwa kuwa kipimo cha maana hakuna! Wewe umeyakalia majibu na kunipakazia uzembe!

— Nilifanya kwa ajili ya ndoa yetu.

— Ndoa usiitaje.

Alichomoa simu mfukoni. Ilikuwa hewani muda wote.

— Profesa, umesikia?

— Neno kwa neno, mwanangu. Daktari, una saa moja. Tuma majibu yote kwa maabara zote, kisha uandike nani alidanganya.

Uso ulimshuka Daktari. Aliketi, akaandika, na Mama Kupe kasimama nyuma yake akisoma kila mstari. Ilipokwenda barua, Mama Kupe alivua pete ya uchumba, akaiweka juu ya kompyuta. Akabeba vichupa vyake kwenye sanduku la barafu, akatoka.

Jioni, akiwa kwa Profesa anapanga vichupa, ujumbe uliingia:

"Wameniondoa kwenye utafiti. Nisamehe, mpenzi. Penzi letu lisife kwa sababu ya kupe."

Aliusoma mara mbili. Machozi yalimlenga, akayafuta kwa mkono wa koti, akajibu:

"Kupe ananyonya damu, lakini hajawahi kuniambia ananipenda."

Akamfungia namba, akavaa glavu.

— Profesa, tuanze.