Uzi wa Bi Zamda

Tangu milango ya biashara ilipofunguliwa, maduka ya Kariakoo yalijaa vitambaa vya kila nchi. Macho hayakutosha tena kutambua pamba halisi. Kwa hiyo wafanyabiashara wengi walimwendea Bi Zamda, dukani kwake Mtaa wa Mchikichi. Yeye alichomoa uzi mmoja, akauwasha kwa kiberiti. Pamba iliacha jivu laini. Uzi wa plastiki uliyeyuka, ukawa kidonge kigumu.

"Uzi mmoja hulisemea jora zima," alizoea kusema.

Kisha tumbo likaanza kumsumbua. Alikonda. Matonge machache tu yalimshibisha. Hospitali waliingiza mpira wenye kamera hadi tumboni, wakachukua kipande kidogo cha nyama. Ilikuwa saratani, nayo ilikwisha kufika kwenye ini. Daktari alikihifadhi kile kipande ndani ya nta, akamkabidhi Mbaruku, mumewe Bi Zamda, akipeleke maabara nyingine kwa kipimo cha pili.

Mbaruku hakukipeleka. Alikifunga katika leso, akaja nacho dukani.

Jioni Ekta alipita kumjulia hali mgonjwa. Ekta alikuwa mtaalamu wa maabara, binti wa Harshad wa duka la jirani. Utotoni alicheza baina ya majora ya Bi Zamda.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee. Kile kipande kimefika maabara?"

"Marahaba, mwanangu," alijibu Mbaruku. "Kimo humu kwenye leso. Kinachotoka katika mwili wa Muislamu huzikwa. Kesho nakwenda nacho makaburini. Tena nasikia kipimo hicho hutabiri mtu ataishi mpaka lini. Hiyo si kazi ya binadamu."

"Mume wangu," alisema Bi Zamda, "mimi nimekaa hapa mzima, wewe umeshaanza mazishi?"

Ekta alicheka. Mbaruku aliinamisha uso.

"Mzee, siku ya mtu hatuijui," Ekta alisema kwa upole. "Saratani mbili za tumbo huweza kufanana kwa macho, lakini tabia zikawa mbalimbali. Ndani yake mna alama ndogo mno. Alama hizo hutusaidia kukadiria ipi itakwenda mbio, na ipi itasikia dawa gani. Moja ya alama hizo ni aina ya protini. Tunakata utando mwembamba wa ile nyama, tunautia rangi. Protini ikiwa nyingi, rangi hukolea. Hapo daktari huweza kuongeza dawa inayoilenga. Wagonjwa wengi wenye alama hiyo, walioongezewa dawa hiyo, wameishi muda mrefu zaidi kuliko wasioipata."

"Kwa hiyo atapona?"

"Siwezi kuahidi, mzee. Makadirio ni ya wengi, hayamfungi mmoja. Lakini kipande kikizikwa, mama ataingizwa mpira upya. Na ugonjwa haungoji."

Bi Zamda alimtazama mumewe. "Umewahi kuniona nikinunua jora kwa kulitazama tu?"

Adhana ya magharibi ilisikika, Mbaruku akaenda msikitini. Aliporudi, hakukaa.

"Nimemuuliza imamu," alisema. "Ameniambia kuutunza uhai kunatangulia, maziko yatasubiri. Ekta, hiyo maabara inafunguliwa saa ngapi?"

Asubuhi yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza mlangoni, leso mkononi.

Majibu yalipotoka, rangi ilikuwa imekolea. Daktari aliongeza ile dawa juu ya matibabu ya kawaida. Ugonjwa haukwisha, lakini ulipungua. Taratibu Bi Zamda alirudia kula, kisha akarudi kwenye kiti chake dukani.

Siku moja Ekta alimkuta ameshika kiberiti, wateja wamemzunguka. Mbaruku alimvuta Ekta pembeni.

"Mwanangu, kile kipande tutakizika lini?"

"Bado kinatunzwa, mzee. Huenda daktari akakihitaji tena."

Bi Zamda aliwasikia. Alipuliza jivu laini kutoka kidoleni.

"Kiacheni kifanye kazi," alisema. "Mwenyewe si huyu hapa, yuko kazini!"