Kishikio cha Gari Nambari Nne

Hebu fumba macho kidogo, uione ofisi ndogo ya kampuni ya magari ya kusambaza maji. Kuna meza moja, feni inayolalamika, na redio ya mawasiliano yenye taa nyekundu. Taa hiyo huwaka pale tu dereva anapobana kitufe cha maiki garini mwake. Mezani ameketi dada anayezungumza na madereva na kuwaelekeza pa kwenda. Ni saa tisa alasiri, jua bado kali. Na taa imewaka, ingawa magari yote yameegeshwa uani na madereva wote wako nje wanakunywa chai.

"Nani yuko garini?" dada aliuliza kupitia dirishani.

"Hakuna mtu, dada. Labda njaa inakuonyesha maruweruwe," alijibu dereva waliyemwita Ndevu, na wenzake wakacheka.

Dada hakucheka. Kwenye spika alisikia nguo ikikwaruza kiti, kisha pumzi. Na ofisi nzima ilinuka pipi za mnanaa.

Mtu mmoja tu pale kazini alikuwa akimumunya pipi za mnanaa, naye alikuwa na wiki tatu kaburini. Alikuwa kaka yake, dereva wa gari nambari nne.

Lazima nikueleze habari za maiki ya gari hilo. Kishikio chake, kile kidude cha dashibodi ambapo maiki hutundikwa, kilikuwa kimevunjika. Gari likiingia shimoni, maiki ilianguka kitini, na kaka, mwenye mwili wa haja, akaikalia. Kitufe kikibanwa hivyo, chaneli yote hufungwa: hakuna mwingine anayeweza kusema, na aliyekibana hasikii lolote. Siku moja madereva walimsikia robo saa nzima akiimba nyimbo za harusi, sauti ikipanda pasipopandika. Walimtania mwezi mzima. Fundi wa gereji akaahidi kumtengenezea kishikio kipya. "Kesho, kaka," alisema, kama alivyomwambia kila mtu, hata wakamwita Fundi Kesho.

Kisha ikaja alasiri ambayo chaneli ilifungwa tena. Mkwaruzo, na pumzi. Dada alicheka peke yake, akahamia chaneli ya pili kama walivyozoea, akakuta wenzake wameshahamia.

"Kaka kakalia maiki tena," aliwaambia.

"Leo atuimbie nini?" Ndevu aliuliza.

Wakabaki huko hadi jioni. Ndevu ndiye aliyelikuta gari nambari nne pembeni mwa barabara, limezimwa vizuri, na kaka ameinamia usukani. Moyo ulikuwa umesimama. Maiki haikuwa chini yake. Ilikuwa ndani ya ngumi, na kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe.

Walizika.

Baada ya msiba, Fundi Kesho alifanya kazi aliyokuwa akiiahirisha. Alichukua kipande cha bomba la plastiki, akakilainisha juu ya moto, akakikunja kifuate umbo la maiki. Ndani akabandika mpira wa tairi la baiskeli ili kishike bila kukwaruza. Akakifunga kwenye dashibodi kwa skrubu mbili. Maiki iliingia kwa mlio mdogo: tak. Hata ukilitikisa gari, haikuanguka.

Kesho yake saa tisa, alasiri ile niliyoanza nayo, taa ya ofisini iliwaka, na maiki ilikutwa kitini.

Fundi akatengeneza kishikio cha pili, kigumu zaidi. Cha tatu akakiongezea springi. Kila siku ilipofika saa tisa, taa iliwaka, pumzi zikaja, na madereva, hata waliokuwa barabarani, walihamia chaneli ya pili bila kuambiwa. Wawili wakasema hawarudi kazini.

Siku ya nne fundi aling'oa betri ya gari, akaketi kando ya kiti cha dereva, na dada akasimama mlangoni.

"Tuondoke, dada," fundi alinong'ona.

"Ngoja."

Harufu ya mnanaa ikaja kwanza, kidogo, kama mtu aliyefungua pipi karibu na sikio, kisha kiti cha dereva kikabonyea taratibu, kikalia kwa sauti ya chini kama kinavyolia kikibeba mtu mzito, na maiki ikaanza kutikisika ndani ya kishikio, ikavutwa, ikarudi, ikavutwa tena kwa nguvu za mtu anayeishiwa nguvu, hadi mpira ukachanika na springi ikaruka, na waya wa maiki ukanyooka hewani kuelekea mahali ambapo mdomo wa kaka ungekuwa, na kutoka ofisini, ng'ambo ya uwanja, wakasikia pumzi zikitoka kwenye spika, ingawa gari halikuwa na betri.

Kesho yake waliita mganga, mama mmoja mwenye maneno machache. Alifukiza ubani ndani ya gari, akanusa, akatikisa kichwa.

"Huyu, moshi haumfukuzi. Akija, huwa mnafanya nini?"

Ndevu alitazama viatu vyake. "Tunahamia chaneli ya pili, mama."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Basi kila siku mnamwacha tena. Mnalalamikaje kwamba harudi kwake kaburini?"

Dada alilia hapo hapo, mbele ya wote, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Saa tisa ilipofika, fundi alikuwa ameweka kishikio cha mwisho, chepesi, kama kile cha kwanza. Taa ikawaka. Dada hakugusa swichi ya chaneli. Alisikiliza pumzi moja moja, nzito, zenye kukwama, zile zile alizozicheka, akashika ukingo wa meza na kusubiri, dakika baada ya dakika, hadi kidole cha upande wa pili kilipochoka na taa ikazimika. Siku ile kaka alipokufa, hakuwa amesubiri kiasi hicho.

Akabana kitufe chake. "Kaka, nimekusikia. Nilidhani umeikalia. Nisamehe. Niko hapa, sihami."

Taa ikawaka mara moja.

"Mdogo wangu," spika ikasema.

Kisha: tak.

Walikimbilia garini. Maiki ilikuwa imetundikwa mahali pake, ina joto, imelowa jasho. Fundi aliifuta kwa kiganja. "Nilisema kesho," alirudia. "Nilimwambia kesho." Dada akamshika bega.

Tangu hapo taa haijawaka bure. Gari nambari nne limerudi barabarani, mashimo ni yale yale, na maiki haijaanguka hata mara moja. Ila dereva wake mpya husema kwamba baadhi ya siku, saa tisa, hukuta kitini karatasi ya pipi ya mnanaa, imekunjwa vizuri. Yeye huiweka mfukoni, kisha humpelekea dada. Dada anazo nyingi sasa.

Nawe nakuomba ukumbuke kitu kimoja tu. Siku ukisikia pumzi za mtu asiyesema neno, usihame upesi. Subiri kidogo, halafu muulize.