Jani la Mgomba na Uvimbe wa Irine

Asubuhi za Chome, kijiji chetu cha milimani, zina ukungu. Mtu anakusalimia njiani na hujamwona. Irine alikuwa anaamka kabla ya wote, anawasha moto, anapasha makande ya jana, ndipo anaenda shambani. Ni jirani yangu. Ameolewa na Eliamini, na wanaishi na mama yake Eliamini, Bibi Priska. Mwaka ule alikuwa na mimba ya kwanza. Mimi ni Leticia, mhudumu wa afya wa kitongoji chetu. Nasema mapema: katika habari hii hata mimi nilichelewa.

Mimba ilipofika miezi mitatu, Irine alikuwa akioga akagusa uvimbe kwenye ziwa la kushoto. Ulikuwa mdogo kuliko kokwa la parachichi, lakini mgumu vilevile. Haukuuma. Akamwambia mama mkwe wake.

Bibi Priska si mtu mbaya, tuelewane. Zamani, alipokuwa akimnyonyesha Eliamini, ziwa lake liliziba. Likavimba na kuwaka moto. Mama yake alipasha jani la mgomba motoni, akamkanda, na maziwa yakatoka. Basi akaona ni yaleyale. Kila jioni alipasha jani na kumkanda Irine. Akamwambia kwamba kwa kuwa haumwi, ajue jani linafanya kazi. Ikapita miezi miwili. Uvimbe ukazidi kukua.

Kliniki Irine alienda. Alipimwa tumbo, damu na presha. Alipoulizwa kama ana tatizo lingine, alisema hana, maana mama mkwe alikuwa amekaa pembeni. Mimi nilipita kwake mara mbili. Nilimuuliza kuhusu chandarua na vidonge vya kuongeza damu. Kuhusu matiti yake sikuuliza. Hilo linaniuma mpaka leo.

Siku moja tulikuwa tukivuna maharage, nikamwona anajishika kwapani. Nikamuuliza ana nini. Akanipeleka nyuma ya migomba, akafungua nguo. Ngozi ya ziwa ilikuwa imebonyea. Chuchu imeingia ndani. Nikamsaidia kufunga nguo.

"Sijui ni nini, Irine," nilimwambia. "Ila maziwa yaliyoziba huwa na joto na maumivu, tena kwa mama anayenyonyesha. Wewe bado hujazaa. Kesho tunashuka Same."

Same walimpima kwa mashine ya picha, ileile ya kumwangalia mtoto tumboni. Haimdhuru mama wala mtoto. Wakamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa Moshi. Huko walitoa kinyama kidogo kwa sindano, wakakipeleka maabara. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Ilikuwa saratani ya matiti.

Nyumbani kukawa kama msibani. Bibi Priska alisema Irine azae kwanza, matibabu yatafuata. Alikuwa na sababu yake. Kwetu mtoto wa kwanza akiwa wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Mume wake, marehemu Eliezeri, alikuwa hajapata wa kumrithi jina. Tumbo lile alikwisha kuliita Eliezeri. Akasema dawa kali zitamuua Eliezeri wake. Eliamini akainama.

Irine alimgeukia mama mkwe wake.

"Mama, unamlilia Eliezeri. Mimi nikifa, huyo Eliezeri atalelewa na nani?"

Eliamini akainuka, akachukua koti lake na koti la mkewe. Kesho yake tulirudi Moshi, na Bibi Priska akaja nasi.

Daktari Fanueli alitueleza polepole. Kusubiri miezi minne, alisema, ni kuipa saratani miezi minne ya kutembea mwilini. Upasuaji unaweza kufanyika mama akiwa na mimba. Dawa za dripu hazitolewi miezi mitatu ya mwanzo, wakati viungo vya mtoto vinajengeka. Baada ya hapo kina mama wengi hupewa, huku mtoto akiangaliwa kwa karibu, na husimamishwa wiki chache kabla ya kujifungua. Mionzi ndiyo husubiri mpaka mtoto azaliwe. Na mama aliye kwenye dawa hizo hanyonyeshi, kwa sababu dawa huingia kwenye maziwa.

Bibi Priska akauliza kwa sauti ndogo kama ni yeye aliyeileta kwa kukanda.

"Hapana, bibi," daktari alisema. "Kukanda hakuleti saratani. Lakini ile miezi miwili tulikuwa tunaihitaji. Saratani imeshafika kwapani."

Kisha akamgeukia Irine. Akamwambia hawezi kumwahidi kupona, ila wataanza wiki hiyohiyo.

Wakalitoa ziwa lote. Kidonda kilipopona, dripu zikaanza, kila wiki tatu, mara tatu. Nywele zikadondoka. Alitapika mpaka makande hakutaka hata kuyanusa. Kijijini walikuwepo waliosema amerogwa, na waliosema ni adhabu. Niliwajibu vibaya, na siombi radhi. Kulikuwa na siku mtoto hakucheza tumboni tangu asubuhi. Irine alikaa ameegemea ukuta, mikono tumboni. Tulimkimbiza hospitali. Mtoto alikuwa hai.

Alizaliwa wa kike, mdogo, kilo mbili na nusu kasoro. Akalia. Irine alipapasa kichwa chake mwenyewe kilichokuwa hakina kitu, akauliza, "Ana nywele?" Nikamwambia anazo tele. Ndipo akalia na yeye.

Mtoto wa kwanza wa kike huitwa jina la bibi yake. Siku ya kumpa jina Bibi Priska alikataa. Alisema mikono yake ndiyo iliyopasha jani, jina lake lisiwekwe juu ya mtoto huyu.

Irine alikuwa amechoka, mionzi ilikuwa bado inaendelea. Alimpa mama mkwe kikombe cha maziwa ya kopo, yale waliyoelekezwa hospitalini, na mtoto akamweka mapajani pake.

"Ataitwa Priska," alisema. "Na wewe utamweleza kwa nini alinyweshwa kwa kikombe. Mimi sijui kama nitakuwepo."

Bibi Priska alimnywesha, machozi yakimdondokea mtoto.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alisimama mbele ya kina mama wenzake. Hakutafuta maneno mazuri. Alisema alikanda uvimbe miezi miwili kwa sababu haukuuma. Akasema uvimbe wowote kwenye ziwa au kwapani, mama awe mjamzito au awe bibi kama yeye, upelekwe hospitali, usisubiriwe mpaka uanze kuuma. Wiki ile wanawake saba walikuja kwangu kuniuliza. Mmoja nilishuka naye Same siku hiyohiyo.

Irine bado anaenda Moshi kupimwa. Kila akienda, mama mkwe hubaki mlangoni na Priska mdogo mgongoni, wanamsubiri.