Jina Kwenye Karatasi ya Nyumba

Mkono mmoja wa koti ulikuwa kwa Annuarite, wa pili ameushika mwanaume asiyemjua. Ilikuwa Juni. Soko la mitumba la Lilongwe lilijaa watu, na manyunyu ya baridi yalikuwa yakilowesha marundo ya sweta. Koti lenyewe lilikuwa la sufu, rangi ya kahawa, vifungo vikubwa.

"Dada, hili ni la mwanaume," yule mtu akasema.

"Mi ni fundi wa kushona. Nikilifikisha Dzaleka, kesho litakuwa la mwanamuke."

"Kumbe unakaa Dzaleka. Mimi nilikuwa hapa mjini, Chinsapo, dukani kwa ndugu yangu. Sasa serikali imeturudisha wakimbizi wote kambini. Nasikia baridi ya kule inauma."

"Inauma batu ba Chinsapo. Siye imeshatuzoea."

Akacheka, akaliachia koti. Aliitwa Gélase, Mrundi mrefu aliyevaa shati jembamba na tai, kana kwamba soko ni kanisa. Annuarite, binti wa Bukavu, alikuwa na kitenge cha kijani na kilemba kilichofungwa kwa mbwembwe. Walirudi Dzaleka kwenye gari moja. Ilipofika Krismasi, kambi nzima ilimjua mwanaume anayembebea Annuarite cherehani asubuhi.

Juni iliyofuata simu kutoka kwa Gélase ililia mchana.

"Chérie, acha mashine."

"Niko na nguo za kwaya kwa sindano. Sema tu."

"Mama Bénie anaenda Kanada Jumatatu. Anauza nyumba. Vyumba viwili, mabati."

"Benzetu banapanda ndege, siye tunanunua milango yao," Annuarite akasema. Kisha, taratibu: "Iko na dirisha?"

"Mawili."

"Nakuya."

Hivyo ndivyo nyumba zinavyonunuliwa Dzaleka. Ardhi si yako. Unanunua kuta za udongo za mtu aliyeitwa kuhamia ng'ambo, wewe ambaye hujaitwa. Na kununua wakati wa baridi kuna hatari yake: mvua kubwa hakuna, kila paa linaonekana zima. Kwa hiyo Gélase alipanda juu na ndoo mbili za maji, Annuarite akabaki ndani akitazama mabati.

"Inavuja?" sauti ikatoka juu.

"Mwaga tena. Hapa pa kitanda."

"Kitanda cha nani?"

"Cha mutu mwenye atanyamaza na kumwaga maji."

Matone mawili yalimwangukia shingoni. Akacheka peke yake kwenye chumba kitupu, na kwa mara ya kwanza tangu afike Malawi akawaza kabati litakaa wapi.

Jumamosi walisimama mbele ya mwenyekiti wa bloku na mashahidi wawili. Mwenyekiti akasoma karatasi kwa sauti, kama desturi: "Wanunuzi ni Gélase Nibigira na bibi yake, Annuarite."

Gélase alikuwa akitabasamu. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi yake. Alimwomba mwenyekiti aandike hivyo, mume na mke, ili siku moja asitokee mtu wa kumfukuza Annuarite ndani ya nyumba ile. Majirani wakapiga makofi.

"Futa," Annuarite akasema.

"Nini?"

"Neno la bibi. Mufute."

Akajifunga kitenge vizuri, akatoka bila kugeuka. Gélase akabaki na kalamu, na wazo moja tu kichwani: hanitaki.

Hakujua, kwa sababu hakuambiwa, kwamba jina la Annuarite lilikuwa kwenye faili la mama yake la kuhamishiwa nchi ya mbali. Miaka tisa walikuwa wakilingoja. Mahojiano ya mwisho yalikuwa Aprili. Na kambini wote husema binti akiolewa huondolewa kwenye faili la mama, na faili hurudi chini ya mengine yote. Karatasi moja yenye neno "bibi", jirani mmoja mwenye wivu wa kuipeleka ofisini, basi.

Siku nne hakupokea simu. Ya tano, mama yake, aliyekuwa akiota moto wa makaa kwenye mbabula, akamtazama.

"Pokea. Inalia sawa mutoto mwenye njaa."

Annuarite akapokea.

"Ulikataa nyumba ao ulinikataa mimi?" Gélase akauliza.

"Hakuna hata kimoja."

"Basi nieleze, maana usingizi umenihama."

Akamweleza yote.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaniacha hata sijaenda. Alafu niliogopa utanipenda sababu ya dossier ya mama, nawe upande ndege. Yote mawili niliogopa."

"Na mimi nimekufungia ndani kwa kalamu," akasema Gélase. "Nisamehe, mupenzi."

Kesho yake alikuja na karatasi mpya ya mwenyekiti, yenye mashahidi walewale. Mnunuzi alikuwa mmoja tu: Annuarite. Jina la Gélase halikuwepo popote.

"Wakikuita, uiuze, uende na mama. Wasipokuita, una mahali."

"Na we?"

"Mimi nina mkeka kwa dada yangu Fidès. Watoto wake sita wananipiga teke, lakini tunapatana."

Annuarite aliisoma mara mbili. Kila mlango ulikuwa wazi kwake sasa, na bado alikuwa akijificha kama zamani. Akapiga magoti karibu na mbabula.

"Mama, mi nimechoka kufichama. Nataka niende ku bureau, ofisi ya wakimbizi, niseme wazi niko na bwana. Dossier yako inaweza kurudi chini."

Mama alichochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa.

"Nilikuleta huku nikikubeba mugongoni," akasema mwishowe. "Sikusema nitakubeba mpaka uzeeke. Enda. Kama inarudi, tutangoja."

Gélase alikuwa bado amesimama mlangoni, tai imepinda.

"Annuarite, wakikuandika upya na mimi, inaweza kuwa miaka kumi."

"Najua," akasema, akimnyoosha tai. "Njo maana tumenunua nyumba."