Mama Analala Wapi?

Mama mkwe wangu alikuwa analala sebuleni. Yaani, alikuwa analala wageni wakishaondoka. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na rafiki zake wanapenda mpira. Wakikaa mbele ya televisheni, mama alikaa pembeni na godoro lake limekunjwa. Alisinzia, akisubiri wanaume wazima wamalize kumtukana refa.

"Mama amechoka," nilimnong'oneza mume wangu.

"Dakika tano tu."

Jamani, dakika tano za mpira hazina mwisho!

Wakati huo chama chetu cha nyumba kilikuwa kinataka kubomoa nyumba zetu kuukuu na kujenga ghorofa. Mama akaniita pembeni.

"Mwanangu, hizo nyumba mpya zikijengwa bila kona yangu, nahamia kwa mdogo wangu. Nataka hata pa kubadilishia nguo."

Iliniuma. Mdogo wake anaishi mbali sana. Na mama ndiye aliyewalea wanangu huku mimi nimeinamia cherehani.

Chama kilimleta msanifu majengo, yaani mtaalamu wa kuchora nyumba. Alikuwa dada mmoja mwenye subira kuliko mimi. Alituita mkutanoni kabla hajachora hata mstari.

"Nyinyi ndio mtakaokaa humo," alisema. "Niambieni mnaishije. Nani analala wapi?"

Jirani yetu muuza mkaa, ambaye watoto wake wanalala jikoni, akasema, "Kwangu kila mtu ana chumba."

Mume wangu naye akasimama, kifua mbele. "Mama yangu ana chumba chake. Sisi tunataka sebule kubwa tu. Makochi yangu ni makubwa."

Chumba kipi? Nilimkanyaga mguu. Hakusikia, au alijifanya hasikii. Ndivyo tulivyo mtaani kwetu, kufa na tai shingoni. Mtu anakuja kutusaidia, tunamdanganya!

Tulipofika nyumbani nilimwakia. "Umemtoa mama yako kwenye nyumba hata haijajengwa!"

"Ulitaka niseme mbele za watu kwamba mama yangu analala sakafuni?"

"Ndiyo! Si ndipo anapolala?"

Akanuna. Nami nikanuna. Chakula kikapoa.

Wiki iliyofuata, msanifu alichora nyumba uwanjani kwa chokaa, kwa ukubwa wake halisi.

"Leteni vyombo vyenu," alisema. "Kila kitu kiwekeni mahali pake. Chokaa ikikosewa tunaifuta. Zege likikosewa, tutajuta."

Mume wangu na rafiki zake wakabeba makochi, jasho linawatoka. La kwanza likaingia sebuleni. La pili likaingia. La tatu likaziba mlango.

"Ongeza sebule kidogo," mume wangu akasema.

"Niichukue wapi nafasi?" msanifu akauliza. "Chooni?"

Watu walikuwa bado wanacheka mama alipofika na godoro lake kichwani. Akapita kwenye mlango wa chokaa. Akayatazama yale makochi. Akatandika godoro katikati yake, akajilaza mbele ya mtaa mzima.

"Mama! Unafanya nini?" mume wangu akapiga kelele.

"Si tumeambiwa kila kitu mahali pake? Hapa ndipo ninapolala."

Mume wangu akainamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza nikamhurumia. Muuza mkaa akakohoa.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Wangu wanalala jikoni."

Basi, kila mtu akaanza kusema ukweli. Msanifu akashusha pumzi.

"Hayo ndiyo niliyouliza tangu mwanzo," akasema. "Sasa sikilizeni. Nguzo na kuta nene zinabeba jengo. Hizo haziguswi. Mabomba ya jiko na bafu yatakaa upande mmoja, nayo hayahami. Lakini kuta za kugawa vyumba tutazifanya nyepesi. Leo ukuta unampa mama chumba. Kesho watoto wakiongezeka, au wakiondoka, fundi anausogeza."

"Hata mimi naweza kuusogeza?" mume wangu akauliza.

"Ukuta mwepesi, ndiyo, ila uniulize kwanza. Ukigusa nguzo, jirani wa juu atakutembelea bila hodi."

Mama akainuka. Akafuta mstari mmoja wa chokaa kwa kisigino. "Chumba changu kiwe hapa, karibu na bafu. Na mlango ufungwe kwa ndani."

"Na makochi yangu?"

"Moja linatosha. Refa mnaweza kumtukana mkiwa mmesimama."

Sasa tumehamia. Sebule ni ndogo, na cherehani yangu iko dirishani penye mwanga. Mama hajaenda popote. Kelele za mpira bado zipo, na bado zinanikera. Muuza mkaa naye, watoto wake wana chumba. Wakioa, ukuta utaondolewa, naye atapata sebule anayoitamani.

Jana mchana mume wangu alitaka kumuuliza mama kitu. Akausukuma mlango wake na kuingia moja kwa moja, kama alivyozoea.

"We! Hodi iko wapi?"

Mwanamume mzima akarudi kinyumenyume. Akaufunga mlango taratibu. Mimi nilisimamisha cherehani nisikie vizuri.

"Hodi, mama."

Akagonga mlango.

"Hodi!"

"Subiri hapo," mama akajibu kutoka ndani. "Dakika tano tu."