Makaburi ya Kiwanda cha Matofali

Kila alasiri Chiriku alitoka shule, akabadili sare, akaosha vyombo, kisha akavuka barabara kwenda kumsaidia mama yake kazini. Mama alikuwa fundi cherehani. Chumba chake kilitosha cherehani moja, meza ya kupigia pasi na kiti cha mteja, na mteja akiwa mnene ilibidi Chiriku asimame nje. Kazi yake ilikuwa kukata nyuzi zilizobaki, kushona vifungo na kunyoosha nguo zilizokwisha.

Jina la Chiriku alipewa na majirani kwa sababu ya mdomo wake. Walisema hata usiku mwili wake hulala kwanza, mdomo ukafuata baadaye.

Kazi ikipungua, mama alimpa simu. Yeye mwenyewe aliitumia kupokea wateja na kuzungumza na ndugu, basi. Lakini Chiriku alikuwa na watu wake humo: kundi la wapenda historia ambalo mjomba wake alimwingiza, alipochoka kuulizwa maswali asiyoyajua. Kwa kuwa simu ilikuwa ya mama, jina walilolisoma wenzake lilikuwa Mama Cherehani. Karibu wote waliamini wanazungumza na mtu mzima, naye Chiriku hakuona haja ya kuwatoa katika imani hiyo.

Lilikuwa kundi zuri. Huyu aliuliza kwa nini barabara ya sokoni imepinda mahali pasipo na mlima wala mto. Yule aliuliza nani alichimba kisima cha shule. Wengine walipiga picha majalada ya vitabu na kushauriana: kisome hiki, kile usihangaike nacho, kile kingine ni kitamu ila katika sura ya mwisho mwandishi alikuwa amechoka.

Msimamizi alikuwa Mkutubi, mwanamke wa makamo aliyetunza maktaba ya mji. Aliweka sharti moja ambalo hakulilegeza kwa mtu yeyote. Anayejibu swali lazima aanze kwa neno moja kati ya matatu: Nimesoma, Nimesikia, au Nakisia. Ukisahau, alikuandikia, "Mpendwa, umeyatoa wapi?" Siku moja mtu alieleza tu kwamba kwao mvua imeanza, naye akaulizwa ameyatoa wapi. Akajibu, "Nimelowa." Kundi zima lilicheka mpaka jioni.

Chiriku aliandika Nakisia karibu kila siku, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Mwenye Nimesoma alipongezwa, mwenye Nimesikia aliombwa aendelee, lakini makisio yake yalipita kama upepo. Jambo hilo lilimwasha.

Ndipo lilipokuja swali la Fundi Magari, mtu aliyeishi mji wa mbali. Aliandika kwamba zamani, katika mji huu wa kina Chiriku, palikuwa na kiwanda cha matofali. Msimu mmoja wa mvua tanuru liliporomoka likawafunika wafanyakazi, na baba yake alikuwa mmoja wao. Yeye mwenyewe alikuwa bado mgongoni kwa mama yake. Mama huyo alirudishwa kwao kabla ya mazishi kwa sababu alikuwa mgonjwa, na hakuwahi kujua mume wake alilazwa wapi. Sasa amezeeka na macho yanafifia. Anaomba afike mara moja pale, asimame, aombe, arudi. Je, kuna anayejua walizikwa wapi?

Simu ilikaa kimya. Chiriku aliisubiri huku mguu ukimcheza chini ya meza. Akaukumbuka ukuta wa mawe nyuma ya soko la zamani, wenye miti mikubwa na nyasi zisizokatwa, ambao huupita akienda shule. Pametulia pale kama makaburini. Wangezikwa wapi pengine? Akaandika Nakisia. Akalitazama neno hilo. Akalifuta, akaandika Nimesoma, kisha akaeleza ukuta na miti, akaongeza na safu za makaburi ya mawe kwa uzuri wa maelezo.

Pongezi zilimiminika. Mkutubi akauliza ni kitabu gani. Chiriku alijibu haraka kwamba ni cha zamani, kimetoka jalada, hakijulikani jina. Uongo wa pili ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Halafu Fundi Magari akaandika: "Mama Cherehani, Mungu akubariki. Nimemsomea mama. Amelia, kisha ameomba nguo yake nyeupe ifuliwe. Jumamosi alfajiri tunapanda basi."

Tangu hapo Chiriku hakukaa akatulia. Darasani aliitwa kwenye ubao, akasimama na chaki mkononi bila kujua ameulizwa nini. Nyumbani alianza kufagia ukumbi, akaacha, akaenda kuchota maji, akasahau ndoo. Alijiambia huenda amepatia. Mtu anayekisia si hupatia pia? Lakini maneno hayo yalimtuliza kwa muda wa kushona kifungo kimoja tu.

Alhamisi aliunguza ukosi wa shati la mteja. Mama alilichukua shati, akaligeuza, akamtazama binti yake bila kufoka.

"Una nini wewe?"

"Sina kitu, mama."

Mama akautazama mguu wa Chiriku uliokuwa unatikisika, kisha akarudi kwenye cherehani. Alikuwa mjane wa miaka mingi, na alizoea kungoja.

Kesho yake alasiri, mama akiwa amekwenda kununua uzi, Mkutubi mwenyewe alitokea mlangoni. Chiriku alimwamkia akatamani ardhi ifunguke. Mkutubi alieleza kwamba ameulizia mjini akaelekezwa hapa, amekuja kumwona Mama Cherehani na kumpongeza. Kumbe alikuwa na fundi karibu hivi, mpenda kusoma, na hakujua! Aliomba aazimwe kile kitabu anakili ukurasa wa makaburi. Wageni wanafika kesho, na maktaba itawapeleka pale kwa heshima.

"Mwambie mama nitapita tena kabla ya kufunga," alisema, akamshika shavu. "Una bahati ya kulelewa na mtu wa vitabu."

Alipoondoka tu, Chiriku alifunga mlango akakimbia kwenda nyuma ya soko la zamani. Labda angeona kaburi hata moja. Labda jambo lingekuwa kweli akifika. Alipekua nyasi kwa mikono, akazunguka kila mti, asione kitu ila sakafu iliyopasuka na mfereji mwembamba uliojaa majani. Mlinzi wa ghala la jirani alimwona akihangaika, akamuuliza kama amepoteza mbuzi. Chiriku akauliza kama hapa hapakuwa makaburi.

Mlinzi alicheka hata akashika ubavu. Alimwonyesha kulabu zilizoshika kutu ukutani. Hapa palikuwa machinjio ya mji, alisema. Ng'ombe walitundikwa pale, na mfereji ule ulikuwa wa damu.

Chiriku alitazama mfereji. Akamwona mwanamke mzee mwenye nguo nyeupe amesimama juu yake, amefumba macho, anamwombea mume wake. Alirudi huku analia barabarani, bila kujali nani anamwona.

Mama alikuwa amekwisha rudi. Chiriku alisema yote kwa mkupuo, kuanzia neno alilolifuta hadi kulabu. Mama alisimamisha cherehani. Midomo yake ilicheza bila sauti, kama ilivyokuwa kawaida yake akiomba.

"Wameandika jina la nani kwenye shukrani zao?" aliuliza mwishowe.

"Lako, mama."

"Langu. Mimi niliishia darasa la chini, sina vitabu. Nina jina tu. Halijawahi kumdanganya mtu mpaka wiki hii."

Chiriku alipangusa pua. Akapendekeza kwa sauti ndogo waandike kwamba barabara imeharibika, wageni waahirishe safari, halafu watu watasahau. Mama alitikisa kichwa.

"Huo utakuwa uongo wa tatu, na wa nne utakuja kuulinda. Wewe umechoka kwa hizi mara mbili tu, hulali wala huli. Mpigie huyo Fundi Magari sasa hivi. Mimi niko hapa, lakini utasema wewe."

Simu ililia mara kadhaa kabla ya kupokewa. Fundi Magari alisikia sauti ya mtoto, akadhani aliyepiga amekosea namba. Chiriku alijitaja, akaeleza. Alipofika kwenye machinjio alikwama, akaanza upya. Fundi Magari akasema kwa uchungu kwamba alikuwa amekwisha funga mizigo, na hajui atamwambia nini mama yake. Kumbe mama yake alikuwa karibu anasikia. Simu ikapokonywa.

"Mjukuu wangu," sauti ya kizee ilisema, "kutojua nimekuzoea. Nimezeeka nako. Lakini kama ningeomba pale, nikarudi nyumbani nimeridhika, halafu nikaambiwa? Hilo nisingelibeba. Umefanya vizuri kuniambia kabla sijapanda basi. Sasa nitafutie, mradi usinitungie."

Chiriku aliahidi. Mkutubi aliporudi jioni, alimweleza ana kwa ana, mikono nyuma. Mkutubi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakumkaripia. Alisema tu kwamba aliyeandika kundini ndiye atakayefuta, na jina lake halisi liwepo.

Basi Chiriku aliandika: "Mimi si Mama Cherehani. Mimi ni binti yake, naitwa Chiriku. Kuhusu makaburi ya kiwanda sikusoma popote. Nilikisia, nikasema uongo. Pale nilipopataja palikuwa machinjio. Naombeni radhi. Ukweli ni kwamba sijui walizikwa wapi."

Walikuwepo waliomsuta. Mmoja aliuliza tangu lini watoto wanaruhusiwa kundini, mwingine akasema sasa hata majibu ya wengine kuhusu kisima cha shule atayatilia shaka. Chiriku alisoma yote, masikio yanamwaka moto. Kisha ukaja ujumbe wa Mkunga, mama mstaafu ambaye kwa kawaida husoma tu na kunyamaza.

"Nimesikia," aliandika. "Baba yangu alifyatua matofali pale. Alituambia wenzake walizikwa kwenye mteremko juu ya shimo la udongo, na kila mmoja aliwekewa matofali mawili kichwani, kwa sababu hawakuwa na mawe. Nilitaka kusema tangu siku ile. Lakini Mama Cherehani alikuwa amesoma kitabuni, nikajiona mimi na hadithi za baba yangu ni nani nishindane na kitabu. Nikanyamaza."

Chiriku aliusoma ujumbe huo mara nyingi. Hilo ndilo lililomchoma kuliko masuto yote: jibu lilikuwepo, naye alilikalia.

Safari ya Jumamosi iliahirishwa. Asubuhi hiyo Mkutubi, Mkunga, Chiriku na mama yake walikwenda wenyewe kwenye shimo la udongo, ambalo sasa lilikuwa bwawa la mvua lenye matete. Mteremko ulikuwa umejaa miiba. Walifyeka taratibu, Mkunga akielekeza kwa fimbo jinsi baba yake alivyosimulia. Kwa muda mrefu hawakuona kitu, na Chiriku alianza kuingiwa na ule wasiwasi wake tena. Alitaka kusema nimeona kabla hajaona. Akauma ulimi, akaendelea kufyeka.

Panga la mama ndilo lililogonga. Chini ya mizizi palikuwa na matofali mawili yamesimama pamoja, meusi kwa ukungu. Hatua chache mbele palikuwa na mengine mawili. Halafu mengine. Mkunga alikaa chini akajifunika uso kwa mtandio.

Jumamosi iliyofuata Fundi Magari alimleta mama yake. Alikuwa mwembamba, amevaa nyeupe, anatembea kwa kumshika mwanawe bega. Matofali hayakuandikwa majina, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwambia lipi ni la mume wake. Mkutubi alimweleza hivyo waziwazi. Yule bibi aliitikia, akaomba asogezwe kwenye jozi ya kwanza, akaigusa na kuomba, kisha ya pili, kisha ya tatu. Alipita kote, akisalimia kila mmoja ili asimkose wake. Hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza aliuliza yuko wapi yule mtoto mwenye simu, akamwekea Chiriku mkono kichwani, ukakaa hapo kitambo.

Wakati wa kurudi Chiriku na mama yake walitembea nyuma ya wengine. Chiriku alisema bado haelewi kitu kimoja. Kosa lilikuwa neno moja tu, na Nakisia ni neno dogo. Kwa nini alilionea aibu vile?

Mama alifikiri kwanza, akihamisha panga alilokuja nalo kufyekea njia kutoka mkono huu kwenda ule.

"Ulitaka uonekane unajua," alisema. "Kila mtu hutaka. Lakini anayejifanya anajua, mwanangu, humziba mdomo anayejua kweli. Ulikaa kwenye kiti cha Mkunga, naye akabaki amesimama, na bibi wa watu nusura akaombe machinjioni. Mtu akisema sijui, anaacha nafasi. Mungu humpitisha mwingine hapo akiwa na jibu."

Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi Chiriku alikuwa amenyamaza bila kuficha kitu, na miguu yake ilikwenda taratibu, sawa na ya mama yake.